Baridi ya Minnesota Tuliyoipimia Kongowe

Vijana wangu, mmeniomba niandike jinsi kazi ile ilivyoanza na jinsi tulivyoifanya, kabla sijasahau au sijahama. Naandika kwa haraka kidogo, maana mnanijua: nikikaa miezi mitatu bila shughuli, nyayo huanza kuniwasha. Miaka kumi na minane niliyokaa pale ofisini kwetu Kibaha, kituo cha Picha ya Ndege, ndiyo mingi kuliko yote niliyowahi kukaa mahali pamoja. Hata shule sikuivumilia hivyo. Niliiacha darasa la tano, nayo haikunitafuta.

Kazi yangu, kwa kifupi, ilikuwa kuwaambia watu jinsi Minnesota ilivyo. Minnesota sijafika. Ndege naziona zikipita juu, basi. Lakini najua basi la kutoka uwanja wa ndege linasimama wapi, najua mwezi gani theluji huanza kushika ardhi na mwezi gani huachia, na ile barabara ya kaskazini kutoka Minneapolis kwenda Duluth naifahamu kuliko barabara ya Kisarawe kwenda Kurui. Ya Kurui hubadilika kila masika. Ya Duluth haijawahi kunisaliti, labda kwa sababu sijaikanyaga.

Niliingia Kibaha nikiwa juu ya shehena ya vitunguu. Nilikuwa utingo wa lori wakati huo, na kabla ya hapo nilikuwa nimelinda ghala, nimechoma matofali, nimevuna chumvi, kila mahali nikiondoka pale tu nilipoanza kuizoea kazi. Lori likavunja ekseli Picha ya Ndege. Dereva akaenda Dar kutafuta kipuri, mimi nikabaki kulinda vitunguu. Mbele ya lori palikuwa na ofisi ya chumba kimoja, na mlangoni alisimama mwanamke mrefu, mtu wa Rombo, ameshika shuka jeupe kwa mikono miwili na kamera ameibana kwapani.

"Wewe wa vitunguu," akaniita. "Una mikono mirefu. Njoo unishikie shuka."

Huyo ndiye Mama Gresi, mwenye ofisi. Alikuwa anapiga picha za pasipoti, anajaza fomu za maombi ya viza na kuwatafutia watu tiketi za ndege. Nilimshikia shuka nyuma ya kichwa cha mteja wa kwanza, wa pili, wa tatu. Dereva aliporudi na kipuri siku ya nne, nilimwambia atangulie.

Mwezi wa pili nikapewa kamera, na hapo tabu ikaanza, kwa kuwa siwezi kumpiga mtu picha bila kujua anakwenda wapi, kumfuata nani, na huko wanakula nini. Mama Gresi alinivumilia kwa wiki moja.

"Athumani, kazi yako ni kupiga picha. Kuwahoji watu ni kazi ya ubalozi."

"Nauliza tu, mama."

"Ubalozi nao wanauliza tu."

Lakini maswali yangu yalimsaidia baadaye. Ofisi nyingine za namna yetu zilibobea Dubai na Guangzhou. Sisi upepo ulituangusha Minnesota. Kijana mmoja wa Kongowe alipata chuo huko, akamwalika dada yake, dada akaolewa, shemeji akawaita wazazi, na wazazi waliporudi wakawaelekeza jirani zao kwetu. Watu huenda waliko watu wao. Baada ya miaka michache kila aliyekuja alikuwa anakwenda jimbo lile lile, na kila mmoja aliuliza maswali mawili: kukoje, na nikishuka kwenye ndege naendaje.

Nikanunua daftari. Kila aliyerudi nilimkalisha, nikamuuliza. Ulifika mwezi gani? Siku ya kwanza ulivaa nini, na ulitamani ungevaa nini? Kutoka uwanjani ulipanda nini? Ulipopotea ulimuuliza nani? Hilo la mwisho nililiongeza baada ya fundi seremala mmoja kunirudia na hasira. Nilikuwa nimemwambia vile tunavyoambiana siku zote, kwamba mwenye mdomo hapotei, ukichanganyikiwa muulize yeyote njiani.

"Kaka, nimuulize nani?" akasema. "Nimetembea saa nzima kando ya barabara. Sikuona mtu. Nimeona mbwa mmoja, naye amevaa sweta."

Nikaandika: *barabarani hakuna watu, watu wamo ndani ya magari.* Nikaandika pia kwamba katikati ya mji wametengeneza njia za vioo zinazounganisha ghorofa na ghorofa, juu ya barabara, ili mtu apite majira ya baridi bila kukanyaga nje. Nikaandika kwamba kuna treni ndogo ya umeme kutoka uwanja wa ndege hadi katikati ya jiji, na kwamba basi la kule huondoka saa yake ikifika hata likiwa tupu. Hili Mama Gresi alilikataa kabisa. Akasema hakuna mwenye basi mwendawazimu kiasi hicho, mpaka mteja alipomletea picha: viti vyote vitupu, na dereva anaondoa gari akiwa na uso wa mtu asiye na tatizo.

Kuhusu hewa niliandika kwa miezi. Julai na Agosti ni joto zuri, na mbu wapo, wakubwa, hawana malaria lakini hawana adabu. Oktoba majani yanageuka rangi ya moto. Novemba theluji inaanza, na Aprili bado inaweza kukushangaza. Januari maziwa yanaganda mpaka magari yanapita juu yake, watu wanatoboa barafu na kuvua samaki. Niliposoma hilo kwa sauti ofisini, mzee mmoja aliyekuwa anangoja picha zake akasema, "Hiyo Marekani yenu ina uongo mwingi."

Mchana wa Februari, bati likilia kwa jua na lami ya barabara kuu ikimeremeta kama maji, nilikuwa nalaza kichwa juu ya daftari na kuifuata ile njia ya kaskazini. Misonobari pande zote mbili, weupe chini, weupe juu, hakuna honi, hakuna vumbi, na mbele kabisa ziwa kubwa lisilo na ng'ambo, linafuka moshi. Sijui kama nilikuwa nalala au la. Mteja akigonga meza nilikuwa natoka mbali.

Mwalimu wangu wa kweli hakuwa msafiri. Alikuwa Mzee Alfonsi, mstaafu wa Kongowe, aliyefanya kazi ya kusoma vipimo vya mvua na joto maisha yake yote. Alikuja ofisini kila asubuhi kusoma gazeti la Mama Gresi kabla Mama Gresi hajalisoma. Siku moja alinisikia namwambia mteja kwamba Minnesota ni baridi sana. Akakunja gazeti.

"Baridi sana ni kiasi gani?"

"Sana, mzee."

"Sana siyo kipimo. Nipe namba."

Yeye ndiye aliyenifundisha kipimajoto. Ndiye aliyeniambia kwamba Wamarekani hupima kwa nyuzi zao, Farenhaiti, na kwamba ukitaka kuzileta kwenye Selsiasi zetu kwa haraka, toa thelathini, kinachobaki gawa kwa mbili. Hupati sawasawa, ila hupotei. Aliniambia pia kwamba mawingu ni blanketi ya dunia, yakiondoka joto linakimbilia juu. Nililiandika neno hilo kwa uangalifu mkubwa, na mtaona jinsi lilivyonifaa.

Na chumba cha kuku kilikuwa wazo lake. Palikuwa na mfugaji Kongowe mwenye chumba cha kugandishia kuku, ukubwa wa chumba cha kulala, mlango mzito wa bati. Mzee Alfonsi aliingia na kipimajoto chake, akatoka na kusema, "Hasi kumi na nane. Athumani, Minnesota yako hii hapa." Kuanzia hapo, kila anayesafiri majira ya baridi tulimpeleka. Anavaa koti la mtumba alilonunua, soksi mbili, kofia, glavu, anaingia, tunafunga mlango dakika tano. Akitoka anatuambia baridi imeingilia wapi, shingoni, kifundoni, kwenye zipu. Tunaziba, anarudi ndani. Wengi walikuwa hawajawahi kuona pumzi yao wenyewe. Nimeona watu wazima, watumishi wenye vyeo, wamesimama katikati ya kuku waliogandishwa wanapuliza moshi na kucheka peke yao. Mwenye kuku alituruhusu kwa sharti moja, kwamba tusimfukuzie wanunuzi. Kinyume chake, walikuja zaidi, kutazama.

Sasa niwaeleze habari ya Bi Mwanahawa, kwa sababu hiyo ndiyo iliyonifanya nikubali kuandika.

Alitoka Kurui, mjane, mkulima wa mihogo na mikorosho, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kufika shamba la tatu. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Asha. Asha alisoma, akapata nafasi Minnesota, akaolewa huko Duluth na kijana anayeendesha malori makubwa ya masafa marefu, wiki nzima yuko majimbo mengine. Mimba mbili za Asha ziliharibika, na mara zote mbili alikuwa peke yake. Ya tatu ilipofika miezi saba, Bi Mwanahawa alikuja ofisini na kuweka mkoba mezani.

"Kaka Athumani, mwanangu nimemwahidi. Nimemwambia, hii ya sasa hutaingia chumbani peke yako, utaniona kwanza. Nifikishe."

Viza ilichelewa, ikatoka Januari. Madaktari wa huko walikuwa wameshampangia Asha siku ya upasuaji wa kujifungua, Alhamisi saa kumi jioni. Tiketi tuliyoipata ilimfikisha Minneapolis Alhamisi hiyo hiyo saa tano asubuhi. Mume alikuwa njiani na mzigo, angefika jioni kabisa. Asha hakuruhusiwa kuendesha gari. Kilichobaki ni gari dogo la abiria linalotoka uwanja wa ndege kwenda Duluth, mwendo wa saa mbili na nusu hivi. Lilikuwepo la saa sita mchana na la saa nane. Akipanda la saa sita anafika saa nane na nusu, anamwona binti yake. La saa nane ni kuchelewa.

Tulimpeleka chumba cha kuku. Alitoka na machozi yamemshika kwenye kope.

"Subhanallah! Kumbe kuku wanateswa hata baada ya kufa."

"Koti lenyewe vipi, dada?"

"Koti zuri. Ila zito, kaka. Nimejiona kama nimembeba mtu."

Na lilikuwa zito kweli. Asubuhi ya kuondoka, sanduku lake lilizidi uzito unaoruhusiwa. Ndani mlikuwa na kanga za mtoto, kanga za mzazi, korosho, mafuta ya nazi aliyoyakamua mwenyewe kwa ajili ya kumkandia binti yake. Lazima kitu kitoke. Nikafungua simu kutazama hali ya hewa ya Alhamisi. Ilikuwa simu mpya, Mama Gresi alikuwa amenipa wiki ile. Ikanionyesha jua, jua zima la njano bila kipande cha wingu, na chini yake namba nane.

Nane. Nikakumbuka asubuhi za Makambako niliposhusha viazi, kama nane hivi, tunavaa sweta na kunywa chai. Na jua juu yake! Nikamwambia, "Dada, Mungu amekupenda. Siku yenyewe ni ya jua kutwa. Koti liache, vaa sweta, Asha atakununulia la kwake huko." Nikalitoa kwa mikono yangu mwenyewe, nikalitundika kwenye msumari. Kwenye karatasi yake ya safari nikaandika kwa herufi kubwa: *toka nje, simama kwenye kibao cha magari ya Duluth, usiondoke hapo.*

Alhamisi saa kumi alasiri, Mwalimu Tabu, mama mstaafu wa Kongowe aliyekuwa ametoka kumtembelea mwanawe kule, alikuja kurudisha buti tulizomwazima. Akaliona koti.

"Hili si la yule wa Kurui? Kaondoka bila koti?"

"Kuna jua leo huko, mwalimu. Nyuzi nane."

Alivua miwani. "Nane ya kwao au ya kwetu?"

Nikalitazama koti.

"Athumani, kule kukiwa na mawingu na theluji inadondoka, watu wanatoka, watoto wanacheza. Jua likiwaka peke yake mbinguni, siku hiyo wanafunga shule. Nani kakwambia jua la Januari lina joto?"

Nikashika simu, kumbe ilikuwa imewekwa nyuzi za Farenhaiti. Toa thelathini kwenye nane, gawa kwa mbili. Hasi kumi na moja, na upepo juu yake. Kama pangekuwa na wingu kwenye ile picha ningejiuliza nane ya aina gani. Jua lilinifunga macho. Mimi nimekulia nchi ambayo jua halina maana nyingine.

Kule ilikuwa saa moja asubuhi, Bi Mwanahawa bado yuko angani. Nikampigia Asha, hakupokea, nadhani alikuwa bado amelala. Mama Gresi alikuwa Dar. Nikaipigia kampuni ya magari mwenyewe, na Kiingereza changu ni cha vibao vya barabarani. Akapokea mwanamke. Nikamwambia mama, mmoja, Afrika, kanga ya bluu, hakuna koti. Nikarudia hakuna koti mara nne. Mwalimu Tabu alinipokonya simu, akaeleza vizuri, kiualimu, na yule mwanamke akasema atamwambia dereva asimngoje nje, aingie ndani amtafute kwa jina. Tukashukuru mpaka simu ikakatika.

Ijumaa asubuhi ujumbe wa Asha ulikuwa kwenye simu. *Mama amefika. Mtoto wa kike. Wote wazima.*

Nilikaa chini. Kisha nililitoa koti kwenye msumari na kulifungia kabatini. Nikabadilisha fomu ya karatasi zetu za safari, ile mnayoitumia mpaka leo, yenye mstari unaosema namba hii ni ya kwao au ya kwetu, na mwingine unaosema siku ya jua vaa zaidi. Mama Gresi aliporudi akauliza kwa nini nimebadilisha. Nikasema ni utaratibu mzuri tu. Mzee Alfonsi alikuwa ameshatutangulia wakati huo, na kwa mara ya kwanza niliona afadhali, hakuliona kosa langu. Watu walipouliza yule mama wa Kurui, nilisema amefika salama. Lilikuwa neno la kweli, na nililitegemea kama mtu anavyotegemea ukuta.

Bi Mwanahawa alirudi katikati ya Aprili. Baada ya wiki mbili akanitumia salamu niende Kurui, ana zawadi yangu. Nilichukua bodaboda kutoka Kisarawe, masika imeshika, tukateleza, tukasukuma, nikafika nina tope mpaka magotini. Uani kwake walikuwa akina mama watano au sita wanamenya mihogo.

"Ndiye huyu?" mmoja akauliza.

"Ndiye," Bi Mwanahawa akasema. "Kaka yangu huyu. Karatasi yake ilinitoa hapa mpaka mlangoni kwa Asha. Sijui kusoma vizuri, lakini kila mzungu niliyemwonyesha lile neno Duluth alinielekeza. Karibu, kaka. Miguu hiyo umetoka nayo wapi?"

Wakacheka. Nikaletewa maji ya kunawa, chai, mihogo ya kuchemsha na korosho. Zawadi ilikuwa kipimajoto kidogo cha ukutani chenye picha ya ziwa. Nikamuuliza habari, kama kawaida yangu, naye akasimulia vizuri, sauti ikifika shamba la tatu. Ndege, vyoo vya ndege, ziwa. Ziwa alisema lilikuwa linafuka kama sufuria siku za baridi kali, moshi unasimama juu ya maji mpaka jua linapita ndani yake likiwa jekundu, na yeye alikuwa anakaa dirishani na mjukuu mapajani wanautazama. Nilifumba macho. Ndivyo nilivyokuwa nimeliona.

"Na lile gari la saa sita," nikasema, "lilikuwa na joto ndani?"

Akashusha sauti. Sikujua kama anaweza kuishusha.

"La saa sita sikulipata, kaka."

Akatazama wenzake, wakawa wanaendelea kumenya.

"Nilitoka nje nikasimama kwenye kibao, kama ulivyoandika. Nikahesabu dakika sijui ngapi. Kifua kikafunga. Vidole nikaviona si vyangu. Nikakimbia, kaka. Nikarudi ndani, nikaingia chooni, nikafungulia maji ya moto nikatia mikono. Nikasikia kama naitwa jina kwa mbali. Nikadhani ni masikio tu. Nilipotoka gari limeondoka." Akachukua muhogo, akauweka tena. "Mimi nimelima kwenye jua na mvua tangu mtoto. Nimekimbia baridi kama kifaranga. Mwanangu kaingia chumbani peke yake. Nimefika mtoto keshazaliwa, Asha kalala, uso ameuelekeza ukutani."

"Alikulaumu?"

"Asha ana adabu. Alisema mara moja tu, mwezi wa pili, tulipokoseana kwa jambo dogo. Alisema, mama, uliogopa baridi. Basi. Hakurudia. Na ni kweli, niliogopa."

Nawaambieni vijana, pale palikuwa na njia nzuri ya kunyamaza. Chai ilikuwa ya moto, zawadi mkononi, nimeshaitwa kaka mbele za watu. Bodaboda alikuwa anangoja. Maisha yangu yote nimekuwa mtu wa kuondoka pale panapokuwa pagumu, na naijua hisia ya miguu inapotaka kuondoka. Ilinijia. Nikaiweka miguu chini ya kigoda.

"Dada," nikasema, "hukuogopa."

"Nakwambia niliogopa."

"Siku ile ilikuwa hasi kumi na moja, na upepo. Koti lako nililitoa mimi. Nilisoma namba ya kwao nikaifanya ya kwetu. Niliona jua nikadhani ni jua. Mtu yeyote angekimbia, hata wa kule. Wa kule asingetoka kabisa. Nilijua siku ile ile saa kumi, nikapiga simu, na Asha aliposema umefika nikanyamaza miezi mitatu."

Visu vilisimama. Mama mmoja akasema polepole, "Ee." Bi Mwanahawa alinitazama. Nilidhani atanifukuza. Aliinuka, akaingia ndani, akatoka na simu, tayari inaita. Hapa ilikuwa saa kumi alasiri, kule saa mbili asubuhi. Akanikabidhi bila neno.

"Haloo, mama?"

"Si mama. Ni Athumani, wa ofisi ya Kibaha."

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Nina neno." Nikamwambia lote, koti, namba, jua, karatasi iliyosema asiondoke kwenye kibao. Sikulipamba. Upande wa pili nilisikia kijiko kikiwekwa mezani.

"Kwa hiyo alisimama nje," Asha akasema. "Na sweta."

"Na sweta. Kwa sababu mimi nilimwambia ni siku nzuri."

Nilisikia kama gari linapita mbali, na nikalifikiria, bila kutaka, linakwenda upande gani.

"Baba, mpe mama simu."

Nilimpa. Alijitenga hatua chache, akatugeuzia mgongo. Hakusema mengi. Alisema, "Ee." Kisha, "Ee, mwanangu." Kisha bega likaanza kutikisika, na yule mama aliyeuliza kwanza akataka kuinuka, mwenzake akamshika kanga, akaketi. Mvua ilianza kudondoka nyepesi juu ya mihogo na hakuna aliyeisogeza.

Halafu Bi Mwanahawa akageuka, uso umelowa, akabonyeza simu itoe sauti kubwa na kuinyanyua juu ili wote tusikie.

"Sema tena," akamwambia.

"Nasema ameanza kucheka kwa sauti, mama. Tangu jana. Ngoja." Tukasikia akinong'ona, akipuliza, kama mtu anayempulizia mtoto tumboni. "Haya, bibi yako anasikiliza."

Mtoto akacheka. Kicheko kidogo, cha kukwamakwama, kikatoka Duluth kikaenea uani Kurui, na Bi Mwanahawa akasimama mvuani ameinua mkono, hataki kuushusha.